Nyanya za Ermete

Ermete Lopriore, fundi cherehani, alikuwa mtu wa kumeza maneno. Miaka nenda miaka rudi, kila Agosti, dada yake Addolorata alimwita kupika nyanya, na kila mara alimwita peke yake. Siku ya nyanya si ya kila mtu. Ni ya familia: ndugu, wake, waume na watoto hukusanyika uani kuosha, kuchemsha na kusaga, kisha kila nyumba hubeba chupa zake za sosi ya mwaka mzima. Ruggero, aliyeishi na Ermete tangu wote wawili wangali na nywele, alibaki nyumbani akipiga pasi suruali za wateja.

Mwaka huu uzalendo ukamshinda.

"Nikija, nakuja na Ruggero," alimwambia dada yake.

"Na majirani niwaambie yeye ni nani?"

"Waambie unavyotaka. La sivyo napika zangu, tena mbele ya mlango wako."

Addolorata alicheka. Alimjua mdogo wake: asubuhi kafura, jioni kasahau.

Jumamosi makreti ya nyanya yakashushwa barabarani, chini ya roshani ya Addolorata. Ermete alikuja na Ruggero, na Nunzio, nesi mstaafu mwenye hereni na mdomo usiopumzika, na marafiki wengine wa tangu ujana, ambao nao kwa ndugu zao hualikwa nusu nusu, bila wapenzi wao.

"Jamani, shati langu la hariri!" Nunzio alilalama.

"Nani alikwambia uvae hariri? Hii harusi?" Ruggero akamuuliza.

"Kwa watu wanavyochungulia, ni harusi tosha!"

Ermete hakucheka. Alitaka kitu kimoja tu, mlango ule ufunguliwe. Pazia la juu lilitikisika mara kwa mara, mlango ukabaki umefungwa. Ilimuuma sana, lakini mkono wake haukuacha kuzungusha mashine ya kusagia.

Chupa zilipojaa walizipanga ndani ya pipa, wakamwaga maji ya kuzichemshia ili sosi isiharibike, Nunzio akawasha moto. Kwa Addolorata, pipa lilikuwa kazi yake mwenyewe; Ermete miaka yote aliwekwa kwenye mashine.

Ghafla pazia likavutwa, Addolorata akatokeza roshanini.

"Zima moto! Hamjazifunga matambara! Zitagongana zipasuke zote, wajinga wakubwa nyie!"

Nunzio akauzima mbio mbio.

"Hatuna matambara," Ermete akasema.

"Basi panda uchukue!"

"Sipandi peke yangu, dada. Siingii tena humo peke yangu."

Addolorata aliwatazama majirani kwenye roshani zao, akalitazama pipa, kazi ya siku nzima inayotaka kuharibika. Uso ulimwiva.

"Shemeji!" akaita, kwa sauti ya kusikika hadi kanisani. "Ruggero! Wewe mwenye miguu mirefu, panda. Matambara yako chini ya kitanda cha marehemu mama. Na ufute viatu!"

Ruggero hakuwahi kukanyaga ngazi zile. Alifungua aproni yake, akaifunga upya vizuri zaidi, akapanda.

Ermete alirudi kuzungusha mashine, ingawa haikuwa na nyanya tena.