Simu Lazima Ijaze Fomu

Mimi kazi yangu ni kujalidi vitabu. Kitabu kikichanika mgongo nakishona, nakipaka gundi, nakirudisha kwa mwenyewe. Karakana yangu iko nyuma ya chumba cha kusomea cha manispaa, tumetenganishwa na ukuta wa mbao tu, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikimsikia mtunza maktaba wetu akikohoa, akigonga mihuri na akiwaambia watu washushe sauti. Watu humwita Mzee Maktaba. Mimi namwita Bwana Daftari, tena mbele yake, na yeye ananiita Dada Gundi. Tumegombana mara nyingi kuliko nilivyogombana na marehemu mume wangu, na yule nilizaa naye watoto wanne.

Ni mtu mwema, nisimsengenye bure. Ila ana ugonjwa mmoja: kitu ambacho hakijaandikwa, kwake hakipo. Ukisahau mwavuli pale, kesho unaukuta na namba. Kuna paka alizoea kuingia dirishani, naye akatengenezewa kadi ya uanachama. Kwenye nafasi ya kazi, Bwana Daftari akaandika "panya".

Sasa ikaja barua ya manispaa. Chumba chochote cha kusomea kisicho na intaneti inayotumiwa na wasomaji kitafungwa mwisho wa mwezi, na vitabu vyake vitahamishwa. Mkaguzi angekuja Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, na alitakiwa akute simu au kompyuta za wasomaji zisizopungua kumi na tano zimeunganishwa kwa wakati mmoja. Pamoja na barua waliweka boksi jeupe la duara, ukubwa wa sahani, na kijitabu cha maelezo.

Aliisoma barua amesimama, akaketi, akaisoma tena. Mke wake ametangulia mbele ya haki, watoto wako mbali na maisha yao. Asubuhi akiamka hana pengine pa kwenda ila pale. Mimi wakinifungia karakana nitashona vitabu hata mlangoni kwangu, mbona. Yeye wangemfungia kile chumba, wangekuwa wamemzika mzimamzima, na hilo nililijua tangu dakika ile.

"Dada Gundi," akaniambia, "nitaliwasha hili boksi. Lakini kwanza lazima nielewe maneno."

Nikasema, "Si uchomeke waya tu?"

Akaniangalia kama mtu aliyeshauriwa apange vitabu kwa rangi.

Siku tatu nzima alikuwa akiandika maneno ya kile kijitabu kwenye kadi za katalogi, neno moja kadi moja. Nikipita na gundi yangu ananisimamisha. "Hii akses pointi haitengenezi intaneti, Dada. Intaneti inakuja kwa waya kutoka kwenye ruta ile ya ofisini. Hii inaichukua kwenye waya na kuirusha hewani, basi." Siku ya pili: "Kuna bendi mbili, yaani aina mbili za mawimbi. Ya kwanza inafika mbali na inapenya ukuta, lakini ina msongamano. Ya pili ina kasi, ila ikikutana na ukuta inachoka." Nikamwambia hiyo ya pili nimeishi nayo nyumba moja miaka ishirini. Hakucheka, aliandika kadi nyingine.

Nikiri tu kwamba aliyaelewa vizuri, kuliko vijana wengi wanaojidai mafundi. Alipofika kwenye chaneli, alisoma kwamba majirani wakirusha kwenye chaneli moja wanasumbuana, kama watu wawili wanaosoma kwa sauti kwenye meza moja. Basi akatoka na simu yake, akazunguka jengo zima akipima. Kinyozi yuko chaneli ya sita. Duka la dawa liko ya kwanza, tena halina hata nenosiri, mtu yeyote akikaa kwenye ngazi zake anaingia bure. Yeye akachagua ya kumi na moja, halafu akaenda kwa kinyozi kumpa taarifa rasmi kwamba hatamwingilia. Kinyozi alidhani ni mambo ya mpaka wa kiwanja, akaanza kutafuta hati zake.

Jina la mtandao ndilo lililomtoa jasho. Alitaka liitwe CHUMBA CHA KUSOMEA TAFADHALI KIMYA. Boksi likakataa, kwa sababu jina halitakiwi kuzidi herufi thelathini na mbili, na nafasi nazo zinahesabiwa. Lake lilikuwa na thelathini na nne. Nikamwambia aondoe hiyo "tafadhali". Akasema bila tafadhali ni ufidhuli. Akageuza "kusomea" kuwa "kusoma", bado ikazidi moja. Mpaka jioni alikuwa anahesabu kwa vidole. Mwishowe akaziunganisha "tafadhali" na "kimya" zikawa neno moja, na wiki nzima kila akilitazama lile jina alikunja uso kama ana jino bovu.

Mpaka hapo hakuna aliyeumia. Balaa lilianza na kadi ya anwani.

Kijitabu kilisema kila kifaa kina anwani yake ya tarakimu na herufi kumi na mbili, na kwamba boksi linaweza kuambiwa: pokea anwani zilizoorodheshwa, nyingine zikatae. Jamani, mwenzetu alinijia na kile kijitabu amekikumbatia kifuani. "Dada Gundi, kila simu ina namba yake. Unaelewa maana yake? Simu zinaweza kuwa wanachama."

Nikamwambia, "Bwana Daftari, usianze."

Akaanza. Akachapa fomu. Jina la mwenye simu, kazi yake, aina ya simu, anwani ya simu, jina la mdhamini, sahihi. Ukitaka mtandao unajaza fomu, unaacha, unarudi kesho, anwani yako inakuwa imenakiliwa kwenye rejista na kwenye boksi. Nikamuuliza mdhamini wa nini, simu inakopa kitabu? Akasema utaratibu ni utaratibu. Watu wengine walicheka wakaondoka, lakini wengi walivumilia, maana wanampenda, na kufika Jumatatu ya wiki ya pili alikuwa na simu kumi na tisa kwenye rejista. Alitembea huku anapiga mluzi. Nilishaanza kuamini mambo yatanyooka.

Jumatano akaja binti mmoja anayesomea uuguzi. Huyu ni msomaji wetu wa kila siku, anakaa pembeni na madaftari yake, masomo yake mengine anayafuata kwenye simu, na mtihani wake ulikuwa karibu. Alikuwa amejisajili vizuri kabisa. Siku chache baadaye simu ikamsumbua, akaifuta mitandao yote na kuianzisha upya, kama wanavyofanya vijana. Sasa ikagoma kabisa.

Bwana Daftari akatazama orodha ya waliokataliwa, akatazama rejista, akavua miwani. "Binti, hii siyo simu uliyoandikisha."

"Ndiyo hii, mzee. Sina nyingine."

"Anwani haifanani. Uliandikisha simu moja, umeleta nyingine. Au umempa mtu uanachama wako?"

Binti akasema, "Mzee, nikuongopee kwa ajili ya intaneti?" Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza, huku kila mtu anajifanya anasoma.

Akachukua kalamu nyekundu akamfuta kwenye rejista. Binti akakusanya madaftari yake, akatoka.

Siku hiyo nilimpasha. Nilimwambia huyo mtoto hana uongo wowote, wewe ndiye umegeuka askari wa kituo cha ukaguzi. Akasema boksi halina upendeleo wala halisemi uongo. Hasira zilinipanda nikarudi karakanani nikapaka gundi kitabu kichwa chini. Na haikuishia kwa binti. Siku zilizofuata simu zikaanza kugoma moja baada ya nyingine, na kila mara alimkuta mwenyewe ameleta "simu ngeni". Kufika Jumanne alikuwa amefuta wanachama kumi na watano kwa kalamu nyekundu, na anasikitika kweli, anauliza watu wamekuwaje siku hizi.

Waliofutwa hawakwenda mbali. Walikuwa wamejipanga kwenye ngazi za duka la dawa, kila mtu na simu yake, wanatumia mtandao wa bure usio na mdhamini.

Alhamisi saa nne kasoro dakika tano mkaguzi akaingia. Mama wa makamo, mkoba mkubwa, viatu vya kutembelea. Akasalimia, akatazama rafu, akasifu usafi. Kisha akatoa simu. "Mtandao nauona. Naomba nenosiri nijaribu."

Bwana Daftari akampa fomu.

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa ukuta wa mbao, nikatamani ardhi ipasuke. Mkaguzi aliigeuza ile karatasi nyuma na mbele. Akaniangalia mimi. Nikatazama dari. Basi, sijui ni kwa heshima au kwa udadisi, akavuta kiti, akaijaza. Kwenye mdhamini akaandika "Manispaa". Akafungua simu yake, akaonyeshwa pa kuitafuta anwani, akainakili herufi kwa herufi. Bwana Daftari, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akamsajili palepale bila kungoja kesho, akampa na nenosiri.

Simu ikakataliwa.

Akaandika anwani upya. Ikakataliwa. Akatazama orodha ya waliokataliwa, na pale ilikuwepo simu imegonga mlango sasa hivi, ina anwani nyingine kabisa.

"Bi Mkaguzi," akasema taratibu, "umebadilisha simu?"

"Nimeibadilisha saa ngapi, na nimekaa mbele yako?"

Bwana Daftari akakichukua kile kijitabu, akafunua kurasa za mwisho, zile ambazo hakuziandikia kadi hata moja. Nilimuuliza baadaye kwa nini aliziruka, mtu anayesoma mpaka maandishi ya chini ya boksi. Akaniambia zilikuwa na kichwa cha habari "Faragha", na yeye si mtu wa kuchungulia faragha za watu.

Alisoma kwa sauti ndogo, lakini niliisikia. Kwamba simu za siku hizi, ili mwenyewe asifuatiliwe, huficha anwani yake halisi. Huutengenezea kila mtandao anwani ya kubuni, na anwani hiyo inaweza kubadilika wakati wowote.

Akasoma tena. Akafungua rejista, akapitisha kidole kwenye mistari myekundu, mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye jina la binti wa uuguzi. Kidole kikabaki hapo. Nilimhurumia, na mimi niliyekuwa nimengoja wiki nzima kumwambia nilikwambia, sikusema kitu.

Mkaguzi naye alikuwa anatazama karatasi zake. "Waliounganishwa sasa hivi ni wanne," akasema. "Natakiwa kuona kumi na tano. Mzee wangu, wasomaji wako wako wapi?"

Nikajibu mimi. "Wako ngazi za duka la dawa, mama. Aliwafukuza."

"Mimi naondoka saa tano," akasema mkaguzi.

Bwana Daftari akageukia kompyuta yake, akaizima ile orodha ya anwani zinazopokelewa. Ni kubonyeza mara moja tu. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya saa za kazi: akatoka nje. Nikamfuata, nadhani nilihofia ataanguka.

Alivuka barabara akasimama chini ya zile ngazi, watu kumi na wanne wanamtazama kutoka juu, hakuna aliyenyanyuka. Akavua miwani. "Nilisema mmeleta simu za watu," akasema. "Mlileta za kwenu. Kijitabu kilikuwa kinasema hivyo na sikukisoma chote. Nilikosea mimi. Naombeni mrudi."

Hakutaja mkaguzi. Hakutaja barua wala kufungwa, na angeitaja wangemwonea huruma mara moja. Nilitaka kuisema mimi, akanishika mkono ninyamaze.

Mzee mmoja mchezaji wa mafumbo ya gazeti akasimama kwanza, kisha fundi viatu, kisha wengine wakajikung'uta. Binti wa uuguzi alibaki amekaa, simu imewekwa juu ya daftari.

"Simu yako ilikuwa ileile," akamwambia.

"Nilikuambia, mzee."

"Uliniambia. Mbele za watu nilikuita mwongo, na mbele za watu nakuomba radhi."

Binti akaichukua simu yake. "Na fomu?"

"Hakuna fomu."

"Mdhamini?"

"Hakuna, binti yangu."

Akafunga daftari, akaja nyuma yetu.

Mkaguzi alihesabu mara mbili: kumi na nane, na ya kumi na tisa ni yake. Akaandika, akagonga muhuri, akasema chumba kinabaki, akatupa mkono sote wawili. Mimi machozi yalinitoka na siyaonei haya. Bwana Daftari alisema ahsante mara moja tu, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa binti, aliyekuwa anazunguka na simu akitafuta pa kukaa. Meza zote zilikuwa zimejaa.

Akamwendea. "Boksi liko juu ya meza yangu pale," akamwambia. "Hapo ndipo mawimbi yana nguvu kuliko pote. Kaa kwenye kiti changu."

Binti akakaa kwenye kiti cha mtunza maktaba, akafungua somo lake. Yeye akasimama kando ya rafu na kitabu mkononi mpaka saa ya kufunga.