Duka Lililopotelea Kwenye Weupe

Hebu niambie: ni kosa gani lako ambalo bado hujaisingizia vita?

Juzi, kwenye cyber moja ya Tshopo, fundi alimfungulia mama muuza vitenge ukurasa mpya wa duka lake, aliomtengenezea mtandaoni. Mama alitaka ndugu zake wa Butembo, ambako vita imefunga barabara, waone kwamba bado anauza. Kompyuta ilikuwa kuukuu. Ukurasa ukatokea mweupe pe.

“Maneno yangu iko wapi?”

“Vita, mama. Réseau, huu mtandao, imekatika.”

“Imekatika, na huu weupe umepita wapi?”

Fundi akapangusa kioo kwa tai yake. Tai, kwenye joto lile. Usomi una mateso yake. “Bon, basi ni courant, umeme ni mdogo.”

“Alors nitatafuta fundi mwingine.”

Mama akabonyeza kipanya na kukiburuta kwa hasira juu ya ukurasa wote. Weupe ukageuka buluu, maneno yote yakajitokeza.

“Weye! Uliandika nyeupe juu ya nyeupe?”

Fundi akalegeza tai. “Nyuma ya maneno niliweka nyeusi ya kupenya mwanga, kama kioo cheusi cha gari. Kompyuta ya zamani haiijui, inairuka. Ilinipasa kutanguliza nyeusi ya kawaida, iwe akiba. Niliiacha, mama. Nilitaka kujionyesha.”