Kopo Lililoona Badala Yangu

Katika mtambo wa maji wa Kindu, ukingoni mwa mto Lualaba upande wa Kasuku, mtu wa labo, yaani maabara, nilikuwa mimi peke yangu. Kila asubuhi nilichota maji yaliyotoka kwenye matangi, nikayatia katika mrija wa kioo na kudondosha matone ya dawa. Maji yenye klorini ya kutosha hugeuka manjano. Yasiyo nayo hubaki vilevile. Zamani tulikuwa na sahani ya vioo vya rangi ya kulinganishia. Ilivunjika, na ombi la nyingine lilikwenda Kinshasa lisijibiwe. Nikawa nalinganisha kwa kumbukumbu. Naandika kipimo katika rejista, na mwisho wa mstari naandika neno la Kifaransa ambalo ofisi ililitaka: Vu. Maana yake, nimeona.

Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watoto walikuwa Kisangani, na barua zao zilikuja boti ilipokuja. Nyumbani Mikelenge nilikwenda kulala tu.

Asubuhi moja mama aliyefagia labo alisimama nyuma yangu.

"Papa, munaandika nini?"

"Naandika kwamba manjano inatosha."

Akainama kuutazama mrija, akacheka kama mtu anayetaniwa. "Manjano iko wapi? Mi naona maji tu."

"Tazama vizuri, mama."

"Papa, mi nauzisha ndizi ku soko. Mbichi na mbivu najua kuachanisha. Hii ni maji!"

Nilikwenda dirishani. Nikafumba jicho moja, nikautazama ukuta wa chokaa. Nikafumba la pili. Ukuta ulikuwa manjano kwa yote mawili. Karatasi ya rejista pia. Hata kanzu yangu ya Ijumaa, ambayo kwa miezi nilikuwa nikiilaumu sabuni kwa ajili yake. Utando ulikuwa umeota machoni polepole, nami sikuujua.

Nilifungua rejista nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Vu. Vu. Vu. Tangu chuo cha Kurani nilifundishwa kwamba shahidi hasemi ila alichokiona. Na mji mzima ulikuwa ukinywa ushahidi wangu.

Nikaenda saa ileile kwa shefu, mkuu wa mtambo, nikamwomba klorini iongezwe. Hakuwa mtu mbaya. Unga wa klorini ulikuwa umebaki mapipa machache, na mengine hayakujulikana yangefika lini.

"Sitwayeni," akasema, maana ndivyo wananchi tulivyoitana siku hizo, "nimalize dawa kwa sababu ya mama wa ufagio? Uniletee kipimo."

Kipimo ndicho nilichokuwa sina. Jioni, penye bomba la mtaani, niliwaambia majirani wachemshe maji kwanza.

"Heee! Mzee wa maji anaogopa maji yake!" mmoja akasema, na foleni yote ikacheka. Sijui ni wangapi walichemsha.

Nilihitaji jicho lisilokuwa langu. Mpiga picha wa sokoni alikuwa na kamera iliyokufa, lakini kipima-mwanga chake kilikuwa kizima: kijibamba ambacho mwanga ukikigusa, mshale hupanda, bila betri. Akanipa bure. Nilikitia ndani ya kopo la maziwa ya unga nililolipaka masizi ndani, nikatoboa tundu upande wa pili, na katikati nikasimamisha mrija. Tundu nikalielekeza dirishani.

Nikatia maji matupu: mshale ukapanda. Nikatia maji ambayo mama alinihakikishia kuwa ni manjano kama ndizi: mshale ukapanda palepale. Siku mbili nilibadilisha hiki na kile, peke yangu na lile kopo, nikaona Mungu amenifungia mlango. Siku ya tatu, nikiwa bado juu ya mkeka baada ya sala ya adhuhuri, nilikumbuka somo la shuleni kwamba manjano hupitisha karibu mwanga wote. Inachozuia ni buluu. Nikavunja chupa ya buluu ya dawa ya tumbo, nikaweka kipande mbele ya tundu. Kwa maji ya manjano mshale ukashuka. Nilisujudu tena.

Wingu likipita, kipimo kiliharibika. Basi tukawa tunapima maji matupu kwanza, halafu haraka yenye dawa, na kuhesabu tofauti. Nilipima unga wa klorini kwenye mizani, nikatengeneza mirija mitano ya nguvu tofauti, na mama akaniwekea alama kwenye karatasi, kwa kuwa mistari ile midogo sikuweza kuiona. Kisha tukatia maji ya matangi.

"Imeshuka musitari moja, Papa. Moja tu."

Ilipaswa kushuka minne.

Shefu alipoliona kopo alishika kiuno. "Hii kikopo ya maziwa njo itanifundisha kazi?"

"Haifundishi, Shefu. Inashuhudia."

Akachanganya mpangilio wa ile mirija mwenyewe, akawa anaitia mmoja mmoja koponi bila mama kuiona, mama akisoma mshale tu. Mama akaipanga yote mitano bila kosa. Shefu akatoka mlangoni, akampigia kelele mtu wa dawa aongeze.

Nilimwomba rejista, na chini ya mstari wa mwisho nikaandika kwamba vipimo vya miezi iliyopita sikuviona. Alisoma, akaifunga rejista.

"Utaenda depo," akasema. "Mama atashika mshale."

Nilimshukuru, na sikumshukuru kwa mdomo tu. Depo, ghala la mapipa, ilikuwa ng'ambo ya ua, haina dirisha. Siku za kwanza mama alikuja kila asubuhi: Papa, wingu likikaa? Papa, masizi yakibanduka? Nilimjibu yote, nikarefusha majibu kuliko ilivyohitajika. Wiki ya pili alikuja mara moja. Wiki ya tatu hakuja, kwa maana hakuwa na la kuuliza. Nikasema alhamdulillahi, nikarudia kuyahesabu mapipa ambayo nilikuwa nimekwisha kuyahesabu.