Upande wa Paa Usioonekana Barabarani

Mtu aliyekutana na Erastus kwa mara ya kwanza alikiona kidevu chake kabla ya macho yake. Alitembea ameinua kichwa, kana kwamba kuna mtu anayemwita kutoka juu ya nyumba. Wageni wa Thika walidhani ni majivuno. Majirani zake wa Majengo walijua kwamba Erastus husalimu paa kwanza, halafu mwenye nyumba.

Alikuwa fundi wa vibao. Zaidi ya miaka ishirini nyuma alitoka Kimilili na shoka na blanketi moja, akapata kazi kwa fundi wa misheni. Huko alijifunza kupasua gogo la mtarakwa likawa vibao vyembamba, na kuvipigilia juu ya paa safu kwa safu, kila safu ikifunika nyufa za safu iliyo chini yake. Kutoka Thika hadi Ruiru hapakuwa na paa la vibao asilolijua.

Lakini mwanzoni mwa mwaka huo wa 1959, alipoinua kidevu alikuwa akihesabu mabati. Mabati hayo yalikuwa kazi ya Muthoka, Mkamba aliyefanya kazi chini yake kwa miaka mitatu kisha akaenda zake. Erastus ndiye aliyemfundisha kutembea juu ya pao, zile fito za mbao zinazobeba paa, bila kutazama chini. Sasa Muthoka alikuwa na baiskeli mpya, na nyuma ya kiti chake jina lake liliandikwa kwa rangi nyekundu. Kila mwezi paa jingine jipya lilimetameta Ruiru. Erastus alipolipita jua likiwa kali, mwangaza ulimpiga usoni naye akahisi kwamba amepigwa makusudi.

"Baba Nafuna," mkewe Nekoye alimwambia jioni moja akimpakulia ugali, "leo nimetoka Ruiru. Wacha nikwambie, zile nyumba za Muthoka zinang'ara kama sufuria ya bibi harusi!"

"Sufuria mpya kila mtu anaisifu. Ngoja ipikiwe."

"Na maji je? Mvua moja tu, pipa limejaa. Maji meupe, si haya ya vibao yenye rangi ya chai."

"Basi nenda ukaolewe na pipa."

Nekoye alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. "Afadhali pipa. Pipa halina wivu."

Erastus alisukuma sahani kando.

Wiki ya pili ya Februari aliitwa Ruiru na Mzee Zacharia Muigai, mwalimu aliyestaafu. Nyumba yake ya vyumba vinne ilijengwa na baba yake mwaka 1932, nayo ilikuwa kando ya barabara iendayo stesheni, mahali ambapo kila mtu hupita. Paa lake lilikuwa la vibao, la zamani, rangi ya majivu. Wakwe walikuwa waje baada ya Pasaka kuzungumza habari za binti yake, Idah, na Mzee Zacharia hakutaka wanyeshewe ndani ya nyumba yake. Erastus aliendesha baiskeli yake kuukuu akijua jambo moja: nyumba hii ikiezekwa mabati, hakuna mtu wa Ruiru atakayeuliza tena habari za vibao.

Alipofika, baiskeli yenye jina jekundu ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Mwalimu wangu!" Muthoka alipaza sauti akitoka ndani na futi yake ya kupimia. "Karibu. Nimeshapima, usijisumbue na ngazi. Miguu ya mzee ni ya kutunzwa."

"Miguu yangu ndiyo iliyokuonyesha pa kukanyaga," Erastus alijibu.

Ngendo, mke wa Mzee Zacharia, aliwaingiza wote katika chumba cha mbele kisicho na dari. Akanyoosha kidole juu. Gizani mle nuru ya mchana ilipenya kati ya vibao kwa vitone vingi vyeupe, upande wa barabara hasa.

"Ona, fundi. Ngai! Mimi nalala chini ya hii kila siku."

"Hii si paa, Mama, ni chujio," Muthoka alisema. "Tutoe yote, tuweke mabati. Shilingi mia tisa, na Pasaka utakuwa unakinga maji kwa pipa."

Neno hilo, pipa, lilimwingia Erastus kama mwiba. Mzee Zacharia alikuwa ameshafungua daftari na kuandika mia tisa kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Erastus alimgeukia Muthoka polepole.

"Mia tisa ni ya nini?"

"Ya mabati na misumari na mkono wangu."

"Na vibao vya zamani vinashuka vyenyewe? Kuvibomoa na kuvibeba ni kazi ya siku tatu na gari la ng'ombe."

Muthoka alikohoa. Mzee Zacharia aliandika.

"Pao hizi ni nyembamba, zimepangwa karibukaribu kwa ajili ya vibao. Bati linataka mbao nene. Umezihesabu? Na bati la kufunika mgongo wa paa? Na gata za kupeleka maji kwenye hilo pipa lako? Mzee, andika zote. Mtu akikutajia bei ya paa, muulize kwanza bei ya kila kitu kilicho chini ya paa."

Erastus alitaja bei ya kila kimoja, na Mzee Zacharia akajumlisha mara mbili. "Elfu moja na mia nne," alisema, akamtazama Muthoka juu ya miwani.

"Hayo mengine tungezungumza baadaye," Muthoka alisema.

"Baadaye, paa likiwa limeshafunguliwa?" Ngendo aliuliza. "Haiya!"

Erastus alijiona amekua futi moja. Tangu Muthoka aondoke kwake, hakuwahi kuonja utamu kama ule wa kumwona anajikuna kisogo mbele ya watu.

"Na wewe, fundi?" Mzee Zacharia aligeuza ukurasa. "Kutoa vyote na kuweka vibao vipya?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Elfu moja na mia tatu, kila kitu ndani. Angekuwa chini ya Muthoka kwa mia nzima, na paa jipya la mtarakwa, jekundu na lenye harufu tamu, lingewatazama wapita njia wote wa stesheni.

"Nipande kwanza," alisema.

Juu alianza na upande wa barabara. Alitoa kisu, akakibonyeza kwenye kibao kimoja, akajaribu cha pili, akasogea, akajaribu cha kumi. Ncha haikuingia. Jua na upepo vilikuwa vimevikausha vibao vile vikawa vigumu kama pembe. Akavuka mgongo wa paa hadi upande wa nyuma, chini ya miti mikubwa ya mukima iliyoufunika kwa kivuli. Majani yalikuwa yamelundikana hapo mwaka baada ya mwaka, na kuvu ya kijani imeota. Kisu kilizama mpaka mpini kama katika kiazi kilichochemshwa. Pao tatu chini yake zilikuwa zimeoza.

Erastus alikaa juu ya mgongo wa paa, mguu mmoja kila upande. Upande uliokuwa mzima ulikuwa ule ambao watu wote wangeuona. Upande mbovu ulielekea jikoni na banda la kuku. Akisema kweli, atafanya kazi ya shilingi mia tatu na hamsini mahali ambapo hakuna mtu atakayeiona isipokuwa kuku wa Ngendo, na mbele patabaki vile vile, pa kijivu. Kutoka huko juu aliyaona mapaa matano ya Muthoka, yote yakiwaka. Aliyahesabu tena, ingawa alijua idadi.

Chini, Muthoka aliita, "Mwalimu! Umelala huko?"

Hapo ndipo Erastus alipoona kitu ambacho Muthoka hakuwa nacho. Muthoka aliweza kupima paa. Hakuweza kulisoma. Mtu yeyote mwenye nyundo angeweza kulibomoa lote.

Alishuka. "Mzee, usitoe vyote. Nusu ya paa lako ni nzima, ina miaka kumi na tano mbele yake. Nipe upande wa nyuma na pao tatu. Mia tatu na hamsini. Na ukate matawi ya ile miti, la sivyo utaniita tena mapema."

"Na ile mianga?" Muthoka aliruka. "Mama, muulize! Mvua itaingia bila kubisha hodi!"

"Sasa ni kiangazi," Erastus alisema. "Mtarakwa umekauka, umejikunja, ndiyo maana unaona nuru. Ukinyeshewa unakunywa maji, unavimba, unajifunga. Robo saa ya kwanza unaweza kuona tone hapa na pale. Baada ya hapo hakuna."

Ngendo aliinua macho kwenye vile vitone vya nuru. "Maneno ni mazuri, fundi. Lakini wakwe zangu hawatakaa chini ya maneno."

"Basi mnunue vifaa tu. Ufundi wangu msilipe mpaka mvua ya kwanza. Likidondoka tone baada ya robo saa upande wa barabara, ufundi wangu ni bure, na paa mpeni Muthoka."

"Nitakuja kukaa humu ndani mwenyewe," Muthoka alisema, "na kofia mpya."

Erastus alifanya kazi siku nane upande wa nyuma. Kuku walimtazama. Kila kibao alikipiga misumari miwili, si mmoja, na kila alipoinua kichwa aliyatazama yale mapaa matano. Nekoye alipomletea chakula siku ya mwisho, alizunguka nyuma ya nyumba, akapitisha kiganja kwenye safu ya chini karibu na ngazi. "Hata having'ari," alisema, lakini kiganja hakukiondoa upesi.

Machi ilipofika katikati, Kilima Mbogo kiliamka kimefunikwa na mawingu. Saa nane mchana wingu jeusi lilikuwa limefika Theta, karibu kabisa, na upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Muthoka alikuja amevaa kofia yake. Mzee Zacharia aliweka saa yake mezani. Ngendo alitafuta kitone kikubwa kuliko vyote, akaweka karai chini yake, na duara dogo la nuru likakaa katikati ya karai hilo.

"Bado nasema ni chujio," Muthoka alinong'ona.

Erastus alisimama mlangoni, kidevu juu. Ng'ambo ya barabara, bati la kwanza la Muthoka lililia ta, kisha ta, ta. Ndani ya karai lile duara la nuru lilianza kusinyaa kidogo kidogo, vibao vikivimba kwa maji, na wote wanne waliinama kutazama.