Walivyokata Watu wa Pembeni

Binti yangu alicheza filme. Wengine watasema alimimina maji tu. Mimi nawaambia: mimina wewe basi, tuone kama utamimina vile.

Ilikuwa filme ya vijana wa parokia yetu hapa Kalemie, habari ya wakwe waliokuja kuleta mahari wakaishia kugombana. Siku ya kuionyesha walitundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa sale, ukumbi wa parokia, picha ikawa pana kama nyumba. Wakwe katikati, wamejaza viti. Na kule mwisho kabisa wa kushoto, binti yangu, goti limekunjwa, birika mkononi, anawanawisha. Hakupewa neno hata moja la kusema. Lakini aliwaangalia wale wakwe kama mtu anayeangalia kuku wa jirani wameingia jikoni. Sale nzima ilicheka.

Mpiga picha alitaka asimame katikati ili aonekane vizuri. Alikataa. Kwetu msichana anayenawisha wakwe hapiti katikati yao. Anatokea pembeni na anabaki pembeni. Nilimfundisha hivyo mimi, na mpaka leo nasema nilimfundisha vizuri.

Alikufa kwa uzazi, mwaka haujaisha tangu filme ionyeshwe. Mtoto, msichana, wakaniwekea mikononi. Huyo mjukuu wangu sasa anasoma, ana akili kushinda darasa lote, wala sisemi kwa sababu ni wangu. Mama yake anamjua kwa picha moja, ile ya kadi ya uchaguzi, imechujuka mpaka inaweza kuwa ya mtu yeyote. Siku moja akaniuliza, "Bibi, mama alikuwa anatembea namna gani?" Ndipo nikakumbuka filme.

Nikaenda kwa baba mmoja anayechoma filme kwenye CD karibu na bandari. Ndiye aliyeuza ile filme zamani. Alitafuta, akapata moja. Jirani yangu alikuwa na televizio, ile ya zamani yenye mgongo. Tukakaa chini mbele yake. Picha ilijaa kioo chote. Wakwe wakaingia, wakaketi. Upande wa kushoto ukatokea mkono wenye birika. Ukamimina. Ukarudi. Basi.

"Huyo njo mama?" mjukuu akauliza.

"Njo mukono wake."

"Na yeye iko wapi?"

Jirani akasema kosa ni la televizio yake, ni ndogo. "Mama, ngoja mwana yangu wa Kigoma atume ile ya kubandika ku ukuta. Ile ni pana, hata inzi mwenye kupita utamuona."

Tukangoja miezi. Mjukuu akitoka shule alipitia kwa jirani kuuliza kama imefika. Siku ilipofika nilimsuka nywele upya, kama vile mama yake ndiye angemwangalia yeye.

Pana ilikuwa pana kweli. Lakini picha ikakaa katikati, ileile, na kila upande mkanda mweusi. Mkono ukatoka kwenye weusi, ukamimina, ukarudi kwenye weusi. Mjukuu akasimama, akaweka kiganja pale peusi. Jirani akabonyeza telekomande, picha ikavutika mpaka mwisho wa kioo, wakwe wote wakanenepa.

"Angalia baba mukwe, amekula ugali ya parokia nzima," jirani akasema, apate kutuchekesha.

Mama mtu hakuwemo.

Nikarudi bandarini kwa yule baba wa CD. "Papa, mutoto wangu umemuweka wapi?"

Hakukasirika. Akanieleza kwamba filme ilikuwa pana, na televizio za watu wakati ule zilikuwa za mraba. Ukiiweka yote, inabaki mikanda myeusi juu na chini. Watu wakamrudishia CD. "Walisema, 'Papa, televizio tulinunua nzima, wewe unatuletea filme nusu.' Nikakuza picha mpaka ikajaa, wakanyamaza. Pembeni njo kukakatika."

"Na ile nzima?"

"Nilifuta, Mama. Nafasi ilikuwa kidogo mu mashini. Na mupiga picha naye, ziwa ilipopanda iliingia mu nyumba yake, kila kitu ikaoza." Akafuta kioo cha meza yake kwa kiganja. "Nilijua kule pembeni hakukuwa mutu wa kusema."

Nilikuwa nimebeba matusi toka nyumbani. Yaliniishia palepale.

Sasa mjukuu namweleza kwa mdomo. Mama yako alikuwa mrefu hivi. Alitembea kama mtu asiyedaiwa. Alikuwa na alama ndogo nyeusi shavuni. Hiyo ya alama anaipenda, anairudia rudia. Juzi tulikuwa tunamenya mihogo, akauliza ilikuwa shavu gani.

"La kulia."

Akaweka kisu chini. "Bibi, ile siku ulisema la kushoto."

Nikafumba macho nimwangalie binti yangu. Ulikuja mkono peke yake. Nilipoyafumbua, mtoto alikuwa bado anangoja.