Pipa la Msiba

Mimi ndiye mtunza vyombo vya msiba vya mtaa wetu hapa Gongoni. Sufuria, majamvi na pipa kubwa la maji, vyote hukaa kwangu. Ukali wangu unajulikana. Niliwahi kumsema jirani mbele ya kikao kwa kuloweka nguo katika pipa hilo.

Majuzi nilinunua samaki, perege kumi, wa kuongeza katika bwawa langu. Mtaalamu wa ufugaji samaki akaniambia niwatenge kwanza wiki mbili, wasije wakawaambukiza ugonjwa wale wa zamani. Beseni lilikuwa dogo. Tangi la nyumbani mke wangu alilikataa kabla sijamaliza kusema. Likabaki pipa la msiba, pana, safi, tena lina mfuniko. Nikajiambia, mbona mtaani hakuna mgonjwa.

Siku ya nne akafariki mzee wa nyumba ya pili. Mama Yusta, mwenyekiti wetu, akaja na wanawake wenzake. Nikampa shikamoo, nikamkabidhi sufuria na majamvi.

"Na pipa?"

"Limetoboka, mama. Linavuja vibaya."

Akanipa pole, wakaondoka. Nikajiona mjanja.

Haikupita saa moja wakarudi na fundi, kabeba gundi na kiraka. Kabla sijawazuia, Mama Yusta alishafika uani, akafunua mfuniko. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni. Perege mmoja akaruka, akamrushia maji usoni.

Akajifuta taratibu kwa ncha ya khanga, kisha akaniangalia.

"Baba Neema, mwonyeshe fundi panapovuja."