Kisanduku cha Tatu

Jana binti yangu alikoroga unga wa ngano kwenye maji moto ili apate gundi ya kazi ya shule, na harufu ile ikanifikia sebuleni kabla sufuria haijatokota. Ni harufu nyepesi, ya uji usio na sukari. Niliacha nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa tena shuleni Giakanja, hapa Nyeri, darasa la sita, vidole vimegandamana, na Akinyi ameketi ubavuni mwangu.

Akinyi alikuwa binti wa polisi aliyetoka magharibi mwa nchi. Tulikaa dawati moja tangu darasa la nne, na sikumbuki kama niliwahi kula chakula cha mchana na mtu mwingine. Muhula ule mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Mutheu, alituletea kitu kigeni: haiku, shairi la Kijapani lenye mistari mitatu, mizani tano, saba, kisha tano. Kwa kuwa wengi wetu tulipenda kuchora katuni kuliko kusoma, alituambia tuviunganishe. Wawili wawili, mmoja atunge, mwenzake achore visanduku vitatu, mstari mmoja chini ya kila kisanduku. Kazi zingebandikwa ukutani kwa gundi ya unga siku ya wazazi.

Sharti lake lilikuwa moja. "Kilichosemwa na shairi, picha isikirudie," alisema. "Kila kimoja kiseme chake." Tuliitikia ndiyo mwalimu kwa pamoja, jinsi watoto wanavyoitikia jambo wasilolielewa.

Mizani tulihesabu kwa githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana. Akinyi alitoa maharagwe bakulini moja moja, akayapanga juu ya kifuniko, tano, saba, tano, huku akinong'ona silabi. Haragwe likizidi, neno linabadilishwa na haragwe linaliwa. Kuna siku tulikula mashairi mengi kuliko tuliyotunga.

Katikati ya furaha hiyo baba yake akapata uhamisho wa kwenda Doldol, mbali kaskazini. Wangehama Jumamosi, siku moja tu baada ya siku ya wazazi. Akinyi aliniambia tukiwa kwenye foleni ya maji, nami nikamjibu kwamba ndoo yangu inavuja. Sikutaka habari hizo. Kila alipozianza nilitafuta la kusema, kuhusu penseli, kuhusu mvua, kuhusu chochote.

Jumatano akanipa shairi lake limekamilika:

Mlima upo
nyuma ya lile wingu.
Keti tungoje.

Kisanduku cha kwanza nilichora jozi mbili za viatu vya shule, zake na zangu, chini ya benchi la nje ya darasa tulipokula mchana. Cha pili, benchi lenyewe, na migongo ya wasichana wawili. Nilipofika cha tatu akanishika mkono.

"Hiyo ya mwisho usichore kitu," alisema. "Wacha ikae hivyo."

"Ati niache wazi? Watu watasema nimeshindwa."

"Wacha tu, Wanja. Tafadhali."

Ninyi mliokulia huku mnajua: mtoto wa Nyeri akipewa karatasi tupu huchora Mlima Kenya. Vilele, theluji, jua likichungulia pembeni, hata kama mlima wenyewe haujaonekana wiki nzima. Mkono wangu uliwasha. Zaidi ya hapo, niliumia. Niliona amenichoka, moyo wake umeshafika Doldol, hata picha yetu anataka iishie njiani. Ijumaa asubuhi, kabla wazazi hawajafika, nilichukua krayoni ya buluu nikakijaza kisanduku kizima mlima, na juu ya theluji nikaweka jua lenye macho.

Wazazi waliisifu karatasi yetu. Mama yangu alisimama mbele yake muda mrefu, kifua mbele. Mwalimu Mutheu aliitazama, akanitazama mimi, akaenda kwenye kazi iliyofuata. Akinyi alisoma mstari wake wa mwisho chini ya ule mlima wangu, kisha akasema polepole, "Sasa hakuna kitu ya kungojea."

Akatoka nje akakaa kwenye benchi peke yake. Nilimwona kupitia dirisha. Nilikuwa nimenuna, sikwenda. Jumamosi lori lao lilipopita langoni kwetu na magodoro yao, nilikuwa shambani katikati ya chai, nikijifanya sisikii honi.

Karatasi ile ninayo bado. Gundi imekauka nyuma yake na panya wameonja pembe moja. Kwa miaka mingi niliwaonyesha wageni ili wajue kwamba nilianza kuchora zamani.

Nilikuja kuelewa mwaka ambao mama yangu aliugua. Kila nilipoingia chumbani alipigapiga kwa kiganja kiti kilichokuwa kando ya kitanda ili niketi, nami nikabaki nimesimama nikimweleza kwamba atapona, kwamba daktari ni mzuri, kwamba tutapanda mahindi pamoja. Siku moja nilichoka kusema, nikaketi. Akanishika mkono, akafumba macho, na tukakaa vile hadi chai ikapoa. Hapo ndipo nilipomkumbuka Akinyi, na nikalia.

Nilimkosea, na bado inaniuma. Hakuwa amenichoka. Alijua zimebaki siku tatu, akaniomba nikae naye tu mpaka ziishe. Nami nikamchorea mlima.